Neno la Watu wa Pangoni

Mama alipopata kiharusi, Kiswahili kilimtoka chote. Daktari alinieleza kwamba hutokea: mtu aliyejifunza lugha ukubwani anaweza kuipoteza akabaki na ile aliyoinyonya. Alinieleza kwa upole, akichora kichwa cha mtu nyuma ya karatasi ya vipimo, nami nikatikisa kichwa kama mtu anayefuata somo. Kilichonichoma hakikuwa kwenye ule mchoro. Lugha aliyobaki nayo mama ilikuwa Kisandawe cha kwao, upande wa Kwa Mtoro, na mimi mwanawe wa kumzaa siijui. Sababu ya kutoijua ni mimi mwenyewe.

Nilimchukua nikamleta kwangu, Area D, Dodoma. Wifi yangu, mjane wa kaka, alikuja kukaa nasi ili amwangalie mchana nikiwa kazini. Tulimweka sebuleni kwenye kiti chenye mito, tukamwelekeza kwenye televisheni, kwa sababu kila mtu humwelekeza mgonjwa wake kwenye televisheni. Wiki tatu hakutamka kitu. Alilishwa uji, akageuzwa, akafutwa, akatazama bunge na mahubiri na matangazo ya sabuni kwa uso uleule.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, upepo wa Dodoma ukitikisa madirisha na baridi ikipenya chini ya mlango, nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni na kikombe cha chai mkononi. Kituo fulani kilikuwa kinaonyesha filamu ya zamani ambayo sikuwa naiangalia. Nikasikia tarumbeta zile za mwanzo wa vita, nikazijua kabla sijatazama. Kijana wa upanga, farasi mweupe, daraja la kamba juu ya korongo. Niliitafuta rimoti kwa macho, lakini kabla sijaiona filamu ilishafika sehemu ya pangoni: moto mkubwa, watu waliojipaka majivu, kijana amefungwa kwenye mti.

Mama akageuza shingo. Hakuwa anatazama televisheni tena, alinitazama mimi. Halafu akasema neno moja, kwa sauti safi kabisa, neno lenye kidoko mwanzoni na kidoko kingine katikati, ile sauti ya ulimi unaogongwa kaakaani. Sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu nina miaka tisa.

Neno lenyewe siliandiki hapa. Herufi hizi hazina namna ya kukamata vidoko vile, na hata zingekuwa nayo nisingeliandika. Nilishalitoa mara moja bila ruhusa ya mwenyewe.

Kikombe hakikunidondoka, hayo ni mambo ya filamu. Nilikiweka mezani, nikazima televisheni, nikatoka nje nikasimama chini ya kamba ya kuanikia nguo. Kumbe hakusahau, nilijiambia. Miaka yote hii amelitunza, na sasa maneno mengine yote yakiwa yamemtoka, amelibakiza hilo moja la kunirudishia usoni.

Nyumba yetu ya Kondoa ilikuwa mtaa wa nyuma ya soko. Baba alikuwa Mrangi, muuza vitambaa, mtu wa msikitini na wa maneno machache. Nyumbani tuliongea Kiswahili na Kirangi chake. Kisandawe kilikuwa mali ya watu wawili tu: mama, na mdogo wake aliyekuja kuishi nasi ili wasaidiane kukaanga karanga walizouza stendi kwa abiria wa mabasi ya Dodoma na Babati. Huyo ndiye mama yangu mdogo. Asubuhi jikoni, wale wawili wakizungumza, vidoko vyao vililia kama karanga zinazopasuka kwenye kikaango, na mimi niliokota maneno machache humo humo kwenye moshi. Maana zake nisingeweza kukueleza. Nilijua tu cha kufanya nikiyasikia, kama mtoto yeyote anavyojua.

Chumba cha karibu na geti alipanga mkalimani wa banda la video. Vijana wa siku hizi hawamjui mtu huyu, kwa hiyo nieleze. Filamu zilikuja kwenye mikanda, kwa Kiingereza au Kichina, na watazamaji wa Kondoa hawakuwa na shida na lugha hizo maana hawakuwa nazo. Mkalimani alisimama kando ya televisheni na maikrofoni, akasimulia kwa Kiswahili kila kilichosemwa, akibadili sauti: mzee, binti, jambazi, farasi. Watu walikwenda kumsikiliza yeye kuliko kuangalia picha. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji, lakini hilo alilijua yeye na mimi, na mimi nililijua kwa sababu nilikuwa nikimsikia akifanya mazoezi ya uongo wake huku akifua.

Kwa ile filamu ya kijana wa upanga alikuwa na msaada. Alikuwa na kitabu cha katuni kisicho na jalada, alichokiokota Arusha kwenye mitumba, na filamu ilikuwa imetolewa humo, kwa mbali. Kwa mbali sana. Jambo hili lilimkera kuliko kodi ya chumba. Kwenye katuni kijana wa upanga alikuwa na mke na mbwa mwenye sikio moja. Kwenye filamu mke amegeuzwa binti mfalme wa kupiga mayowe, na mbwa hayupo kabisa.

"Mbwa wamempeleka wapi?" aliniuliza, kana kwamba nilikuwemo kwenye uamuzi.

Suluhisho lake lilikuwa kusimulia katuni juu ya filamu. Picha zikienda kushoto, yeye na kitabu chake walikwenda kulia, na watu waliridhika. Mchana mmoja alinikuta nimekaa kizingitini, akanifungulia ukurasa wa watu wa pangoni.

"Hawa kwenye filamu wanabweka tu," alisema. "Watu watacheka mara moja wachoke. Mimi nataka lugha ya kweli. Mama yako angesemaje hapa?"

Akaweka kidole kwenye picha. Miaka mingi nilipojaribu kuukumbuka ukurasa ule, nilikumbuka moto tu. Moto mwekundu, na watu wameuzunguka. Nilitazama, nikasema neno la kwanza lililonijia. Alijaribu kulirudia akashindwa, ulimi ukamgota kama mlango mbovu, tukacheka. Nikamfundisha. Nilimfundisha mchana kutwa pale kizingitini, ulimi hapa, pumzi hapa, mpaka likatoka sawasawa. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniuliza kitu kana kwamba mimi ndiye mjuzi. Nilikwenda kulala nimevimba kwa furaha.

Sidhani alikuwa na nia mbaya. Hilo linaniudhi mpaka leo, maana mtu mwenye nia mbaya ningemlaumu nikapumua.

Filamu ilionyeshwa sikukuu ya Idd, mchana, saa ambazo hata watoto wa kike tuliruhusiwa bandani na magauni yetu mapya. Mabenchi yalijaa, wengine wakakaa chini miguuni pa televisheni. Deki ilikwama mara mbili, tukazomea, ikaendelea. Ikafika pangoni. Mkuu wa watu wa majivu akanyanyua mkono, na mkalimani akalitoa neno la mama yangu mara tatu, kwa vidoko vyake vyote, vizuri kuliko nilivyomfundisha. Halafu akatafsiri.

"Anasema, mtieni motoni! Mtieni motoni aive!"

Watu walianguka kwenye mabenchi. Wanaume wazima walifuta machozi. Wakamtaka arudie, akarudia, wakajaribu wenyewe, banda zima likigonga ndimi. Nami nilicheka. Nilicheka kuliko wote, kwa sababu neno lilikuwa langu.

Kesho yake lilishafika stendi. Mama na mama mdogo wakiwa wamechutama kwenye kikaango chao, watoto walipita wakilirusha neno na kumalizia, "Aive!" Makonda wakalidaka. Mteja alipokea karanga zake, akalitamka, akacheka, akapanda basi. Walipita watu ambao mama aliwasalimia kila siku ya Mungu, nao wakamwitikia hivyo badala ya salamu. Alivumilia siku kadhaa. Mimi nilikuwa napita upande wa pili wa barabara nikitoka shule, natazama viatu vyangu.

Mchana mmoja akarudi na ungo umejaa karanga. Akautua jikoni, akatuita, mimi na mdogo wake. Akatuuliza kwa Kiswahili, na hapo ndipo nilipoogopa, maana jikoni hakuzungumza Kiswahili.

"Nani alimpa yule mpangaji neno langu?"

"Mimi sijasema naye kitu, dada," mama mdogo alisema.

Mama akanigeukia. Ningeweza kusema sijui. Badala yake nikasema kwamba mama mdogo huongea na mpangaji bombani, na huwa wanacheka. Ilikuwa kweli tupu. Mtaa mzima ulikuwa umewaona. Nilikuwa na miaka tisa, na nilijua kabisa nilichokuwa nakifanya na ile kweli.

Mama mdogo hakujitetea mara ya pili. Alinitazama, akamtazama dada yake, akaanza kukunja kanga zake. Asubuhi iliyofuata alipanda gari la kwao na kifurushi kimoja. Baba alimtimua mkalimani wiki hiyohiyo. Aliondoka na kitabu chake, na banda likapata mwingine aliyesimulia vibaya.

Mama hakunipiga wala kunigombeza, maana hakuwa na kosa la kunigombeza nalo. Alinyamaza lugha yake tu. Hakubaki na wa kuzungumza naye, na mimi nadhani alikuwa pia na woga kwamba kila atakachosema kitaonekana stendi. "Haya, kaa," aliniambia asubuhi jikoni, kwa Kiswahili, kama anavyokaribishwa mgeni. Nilikaa. Shuleni nikiulizwa kabila nilisema Mrangi, nikamaliza, nikaajiriwa serikalini, nikajenga Area D. Kila nilipolikumbuka lile neno lilikuja na tafsiri yake: mtieni motoni. Maana nyingine sikuwa nayo. Ya kwanza, kama niliwahi kuwa nayo, ilikuwa imefutwa na kicheko cha banda zima.

Baada ya ile Jumamosi mama alilisema kila siku. Nikitoka kazini nikasimama pale mlangoni kumwangalia, alinitazama, akasema neno, na mkono wake wa kushoto, ule mzima, ukapigapiga mkono wa kiti. Anadai, nilijiambia. Anapigapiga kama mtu anayedai chake.

Wifi alifurahi mpaka akanitia hasira. "Wifi, mama anaongea! Anasema nini?"

"Sijui."

"Si tuwapigie ndugu zake? Watatuambia."

Wazo la busara, na mtu mwenye akili angelifikiria siku ya kwanza. Namba ya mama mdogo niliipata kwa binamu wa Chemba. Sauti yake sikuwa nimeisikia tangu lile gari liondoke.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nilijitaja. Nikaeleza ugonjwa. Akauliza kama dada yake anaongea, nikasema anaongea kikwenu, neno moja tu.

"Neno gani?"

Lilikuwa mdomoni. Ningelitamka, hata kwa ulimi wangu mbovu angelielewa, na mambo yote haya yangekwisha palepale. Lakini nilisikia kwamba nikilitamka litatoka kwa sauti ya mkalimani, na mama mdogo atajua. Ataniuliza nililitoa wapi. Nikasema, "Silisikii vizuri."

"Mpe simu."

Nikaiweka sikioni kwa mama. Mama mdogo akazungumza muda mrefu, vidoko vikikwaruza kwenye spika, na mama akalia kwa jicho moja bila kusema kitu. Mwishowe mama mdogo aliniambia atakuja akishamaliza kupura uwele.

Jumapili moja nilipiga magoti kwenye zulia, mbali kidogo na kiti, nikamwomba mama radhi. Nilimwambia yote, kizingiti, ukurasa, bomba. Nilimwambia kwa Kiswahili, lugha ambayo daktari alishanichorea kwamba haipo tena kichwani mwake. Nadhani ndiyo sababu niliweza. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa. Kisha akasema lile neno, akapigapiga mkono wa kiti, na mimi nikasimama nikaenda chumbani kwangu. Amekataa, niliona. Ana haki ya kukataa.

Tangu hapo nikaanza kukimbia nyumba yangu mwenyewe. Ofisini wakitafuta mtu wa kwenda Chamwino, niko. Mkutano wa siku mbili, niko. Nikirudi nilipita mlango wa nyuma, nikamuuliza wifi habari za mgonjwa kama naulizia mgonjwa wa jirani. Naye alianza kuniita "dada" badala ya wifi, na kwa jinsi alivyoitamka haikuwa heshima.

Mama alikufa Jumatano asubuhi. Mimi nilikuwa Chamwino, kwenye kikao kuhusu vyoo vya shule. Wifi alinipigia, akasema kilichotokea, halafu akaongeza, bila kunikomoa, kwamba mama alikuwa akiniita mpaka mwisho. "Lile neno lake. Alikuwa anautazama mlango wa jikoni."

Tulimzika Kondoa, kando ya baba. Wanaume walimpeleka makaburini, sisi wanawake tukabaki ndani kwenye mikeka. Mama mdogo alifika siku ya pili yake, baada ya kubadilisha magari mawili. Nilimkumbuka mnene. Alikuwa amekauka, ameinama upande mmoja, na alipokea pole yangu kwa mikono miwili kama alivyozipokea za wengine.

Asubuhi ya khitma niliamka mapema kuangalia sufuria. Baridi ya Kondoa mwezi ule ni ya kuuma masikio. Uani wanawake walikuwa wameshaanza kuchambua mchele, lakini mama mdogo hakuwa nao. Nilimkuta kwenye lile jiko la zamani la mama, ambalo hakuna aliyelitumia miaka, amewasha moto wake mdogo wa vijiti, amekaa kwenye kipande cha mkeka. Nikasimama mlangoni. Aligeuka akaniona. Akajisogeza upande, akapigapiga mkeka kwa kiganja, akasema lile neno.

Lilelile. Kidoko mwanzoni, kidoko katikati. Nilishika mwimo wa mlango.

"Mama mdogo, hilo neno maana yake nini?"

Alishangaa kweli. "Hulijui hili? Si ndilo mama yako alilokuitia hapahapa kila asubuhi ya Mungu? Sogea, uote moto."

Na ule ukurasa wa katuni ukanirudia wote. Hakukuwa na mti wala kamba. Kijana wa upanga ametoka mtoni, amelowa, amefunikwa ngozi mabegani, na mwanamke mmoja mzee wa pangoni amejisogeza kumpa nafasi motoni. Hicho ndicho nilichokiona nikiwa na miaka tisa, na neno nililolitoa lilikuwa sahihi kwa picha ile. Waliotengeneza filamu ndio waliobadilisha picha, na mkalimani kwa mara ya kwanza akaamua kufuata filamu.

Kwa hiyo mama, wiki zile zote kwenye kile kiti, alikuwa ananiona nimesimama mlangoni na kikombe, upepo unapita miguuni pangu, na alikuwa ananiambia nisogee. Hakuwa anadai kitu. Nilipomwomba radhi kwa magoti, aliniambia nisogee. Jumatano asubuhi aliuambia mlango mtupu. Nililia pale kizingitini kwa sauti, nikainama, kwa namna ambayo sikulia siku ya maziko, na wanawake wa uani wakatua nyungo zao.

Mama mdogo alinyoosha mkono anishike. Nikaona nikishikwa kabla sijasema, sitasema tena.

"Ni mimi niliyempa mpangaji lile neno," nilisema. "Wewe hukusema kitu. Nilijua hukusema kitu, na nikamwambia mama kuhusu bombani."

Mkono wake ulibaki hewani kidogo. Kisha akaurudisha, akachukua kijiti, akasukuma makaa ambayo hayakuhitaji kusukumwa. Moshi ulimjia machoni naye hakuukwepa.

"Nilingoja dada aniulize tena," alisema. "Hakuniuliza."

Nafasi aliyoniachia kwenye mkeka bado ilikuwa wazi. Aliitazama, akanitazama, kama mtu anayehesabu miaka.

"Haya, kaa," akasema, kwa Kiswahili.